Kisogo cha Afande

Fundi cherehani alikuwa ameanza kusinzia pale mzee wa kiti cha mbele alipoanza tena. Alikuwa askari magereza mstaafu, na basi zima lilishajua hivyo tangu kituo cha kwanza.

"Jela ni ya kuumiza," alisema. "Mtu akitoka huko amenenepa, ametufanya wajinga."

Jirani yake, kinyozi aliyepakata kisanduku cha mashine zake, alitabasamu. "Na ufundi mliokuwa mkiwafundisha mle ndani, mzee wangu, ulikuwa wa nini?"

"Wa kuwachosha tu. Mwizi habadiliki. Mimi simwamini hata akiwa amelala."

"Nywele ulikuwa unanyolea wapi?"

"Kulekule, kila Ijumaa. Kulikuwa na mfungwa mmoja ana mkono mwepesi, mpaka usingizi ulikuwa unanipitia kitini."

"Na wembe aliushika nani?"

Kwa mara ya kwanza mzee akamtazama jirani yake usoni, huku mkono ukimpanda wenyewe hadi kisogoni. Fundi cherehani aliuma ncha ya mtandio wake asije akacheka.

"Lile kovu la nyuma ya sikio naona bado lipo, afande," kinyozi alisema taratibu. "Nilikuwa nalizunguka polepole, nisikuamshe."

Basi lilisimama. Mzee akainuka, akashuka ngazi moja, kisha akageuka.

"Msimamo wangu ni uleule," alisema. "Jumamosi unafungua saa ngapi?"