Sahani ya Mnoa Visu

Wasikilizaji wapendwa, habari za Jumapili. Ni mimi Elida. Kibuyu changu cha yerba mate, ile chai yetu ya majani, kiko hapa mezani kama kawaida, ila kimepoa na sijakigusa. Nimechoka. Wiki hii nimesoma matangazo manne ya vifo, na moja nililisoma vibaya. Nililisoma saa sita mchana, nikalirudia saa moja jioni, na mara zote mbili nililisoma vibaya. Leo nitalisoma upya. Lakini kwanza tumkumbuke mwenyewe.

Heber Olascoaga amefariki Jumatano, akiwa na miaka sitini na saba. Heber mnoa visu. Hapa Paso Talita ukitaja jina lake, mtu anakuonyesha mkasi wake wa nyumbani na kusema, huu aliunoa yeye.

Kwa miaka thelathini na mitano Heber alifuatana na kikosi cha kunyoa kondoo. Septemba hadi Desemba, shamba hadi shamba. Wanyoaji walipopumzika kula, yeye ndiye aliyeanza kazi, maana visu vya mashine hunolewa wakati mashine zimezimwa. Wenzake wakila, Heber ananoa. Wenzake wakinyanyuka, Heber anakaa na sahani yake, na mafuta ya kondoo yameshaganda juu ya mchuzi. Alikula hivyo tangu ujana. Hakulalamika. Alidhani chakula cha mnoa visu ndivyo kilivyo.

Nyumbani alikuwa na mke, Nilda, mwanamke mwema. Walikaa kwa heshima, wakamlea binti yao Ivonne. Nilda alifariki Heber akiwa na miaka arobaini na sita. Baada ya hapo alizidi kunyamaza.

Halafu akaja Dardo.

Dardo Techera alikuwa mpishi mpya wa kikosi, mtu wa Rocha, mnene, mwenye maneno mengi. Heber alikuwa na miaka hamsini na mmoja, Dardo arobaini na minane. Siku ya kwanza Dardo alipakua, akahesabu watu, akaona mmoja hayupo. Akauliza. Wakamwambia, "Huyo mwachie tu, yeye hula baadaye." Dardo akachukua sahani, akaifunika kwa sahani nyingine, akaiweka juu ya tofali kando ya moto.

Heber alipokuja, akafunua. Mvuke ukampiga usoni. Akaenda kukaa nyuma ya banda, akala, na machozi yakamtoka. Mwanamume mzima, na hakujua analia nini. Haya alimsimulia Ivonne mwenyewe, miaka mingi baadaye. Alimwambia, "Mwanangu, nilikuwa sijajua kwamba nasikia baridi."

Sahani ile iliwekwa juu ya tofali kila siku, msimu mzima. Wanyoaji, mnaijua midomo yao.

"Heber, umeolewa nini? Mbona unatunziwa peke yako?"

Dardo akawajibu bila kugeuka kutoka kwenye sufuria, "Nawe ukitaka ya moto, kanoe visu mia wenzako wakila. Tuone kama utarudi na vidole vyako."

Wakacheka. Heber hakucheka. Masikio yalimwaka, lakini hakuiacha sahani.

Msimu ukaisha, Dardo akarudi kwao Rocha. Heber akakaa nyumbani. Alinoa kila kisu cha nyumba, akanoa vya majirani, mimi mwenyewe alininolea vyangu mara mbili kwa mwezi mmoja. Nikamwambia, "Heber, baba, sasa hivi vitanikata mkono." Akatabasamu kidogo, akaondoka. Sikujua alikuwa akipigana na nini. Mtu wa miaka hamsini na miwili, baba, mjane, anagundua kwamba moyo wake haukuwa umekufa, na kwamba unamtaka mwanamume mwenziwe. Angemwambia nani?

Mwezi wa pili alipanda basi. Mabasi matatu, hadi Rocha. Akabisha hodi.

"We mzee, umefuata nini huku?" Dardo akauliza.

"Nimekuja kula."

"Kuna dengu tu."

"Dengu zinatosha."

Wakaja pamoja Paso Talita, katika ile nyumba ya mlango wa kijani karibu na reli. Wamekaa humo miaka kumi na mitano. Wasikilizaji wapendwa, walipendana. Nasema walipendana kama watu wa nyumba moja wanavyopendana, kitanda kimoja, meza moja, ugomvi mmoja juu ya dirisha lifunguliwe au lifungwe. Nasi sote tulikuwa tukimwita Dardo mpangaji. Mpangaji wa Heber. Mimi pia. Kila mwaka, siku ya kuzaliwa ya Heber, niliusoma hewani ujumbe "kutoka kwa mpangaji wake", na Dardo alikuwa akinishukuru kwa keki ya malimau.

Jumatano Heber alipokata roho, Dardo ndiye aliyeleta karatasi ya tangazo hapa redioni. Mnajua utaratibu wetu. Kwanza mume au mke, halafu watoto, wajukuu, ndugu. Dardo alikuwa ameandika vizuri, kwa herufi kubwa ili nisipate shida na macho yangu. Ivonne, wajukuu wawili, dada mtu. Basi. Yeye hakujiandika popote. Nikaiona nafasi ile tupu juu. Niliiona. Nikanyamaza, nikasoma.

Jioni ile Ivonne alinijia, macho mekundu.

"Bibi Elida, umesoma mara mbili na mtu mmoja hayumo."

"Nimesoma kilichoandikwa, mwanangu."

"Nani aliandika?"

"Dardo mwenyewe."

Akakaa kwenye kiti cha wageni. Kisha akasema, "Mimi pia nimemwita mpangaji. Alimwogesha baba yangu miezi saba ya ugonjwa, nami nikiwapigia simu namuuliza, mpangaji, baba amekula?"

Tukaenda pamoja kwenye mkesha. Kando ya kichwa cha jeneza pana kiti kimoja, kiti cha mjane, na kiti kile kilikuwa kitupu. Watu walikuwa wakikizunguka. Dardo tulimkuta jikoni, aproni kiunoni, akiwamiminia watu kahawa na kuwakatia mikate. Tangu alfajiri alikuwa amesimama, na hakuna aliyekumbuka kumuuliza kama ameweka chochote tumboni.

Ivonne alimvua aproni. "Njoo ukae pale."

"Pale ni pa familia, Ivonne. Watu wataona."

"Waone."

Akamshika mkono kama unavyomshika mtu aliyeugua, akamkalisha kwenye kiti kile, mbele yetu sote. Akarudi jikoni. Akatoka na sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine, akamwekea mapajani.

Dardo alifunua. Mvuke ukatoka. Aliitazama ile sahani kwa muda mrefu sana.

"Chumvi imepungua," akasema.

"Nimepika mimi. Kula hivyo hivyo."

Akala. Alikula yote, akilia.

Sasa nasoma tangazo, kwa mara ya tatu, na kwa mara ya kwanza vizuri.

Heber Olascoaga amefariki Jumatano. Mwenzi wake, Dardo Techera. Binti yake, Ivonne. Wajukuu wake wawili na dada yake, wanawashukuru wote waliomsindikiza.

Dardo, pole. Ivonne, pole sana, pamoja na wanao na shangazi yako. Nanyi mnaonisikiliza, leo mkikaa mezani, hesabuni watu. Mtazameni aliyepakua, mjiulize moyoni mnamwita nani, na kama hilo ndilo jina lake.

Dardo, najua unasikiliza, redio yako iko pale juu ya friji. Mchana huu nakuletea chakula. Nitakifunika.