Sauti ya Teddy Kwenye Kanda ya Verna

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Verna Lindquist wa North Beach, San Francisco, aliyetutoka Jumamosi. Verna ndiye aliyewarekodi washairi wa Beat, wale waasi wa miaka ya hamsini, katika chumba cha chini cha mkahawa wake, enzi ambazo wengi wao hawakuwa hata na koti la baridi. Aliwapa supu kwanza, ndipo akawasha mashine ya kunasa sauti.

Kanda moja hakuiuza kamwe. Ilikuwa ya mumewe, Teddy Abruzzi. Teddy aliamini shairi husemwa likiwa bichi, mara moja tu, wala haliandikwi. Kisha akadandia treni ya mizigo, asirudi tena. Binti yao, Corinne, alikuwa bado ananyonya. Narudia, wapendwa: sauti ya Teddy ilibaki kwenye kanda ile peke yake.

Kila mwaka marafiki walikusanyika kuisikiliza kwa divai nyekundu. Hata vijana waliozaliwa washairi wale wameshazikwa walishuka ngazi kuomba wasikie. Verna hakumfukuza mtu. Ila nakala alikataa. "Teddy hakutaka kurudiwa," alisema.

Hawakujua kwamba kila walipoisikiliza, waliila. Vumbi lake la kahawia lilibaki kwenye mashine, kila mwaka zaidi.

Siku moja sanduku lilipofunguliwa, ilitoka harufu ya siki.

"Verna, dada yangu, kanda yako inanuka kuliko soksi zangu!" alitania Ozzie Pruett, mpiga ngoma wao wa zamani na fundi wa mashine.

Kisha akaacha kucheka. Kanda inayonuka siki inakufa.

"Itavumilia kusikilizwa mara moja tu," alisema. "Tena tukiwa na bahati."

"Basi mara hiyo ni ya Corinne," alijibu Verna.

Lakini Corinne hakutaka. "Mama, mtu huyo alituacha. Nimsikilize kwa lipi?"

"Ipo siku, mwanangu."

Verna akafunga sanduku, akangoja. Siki ikazidi.

Juzi, baada ya mazishi, Corinne alishuka ngazi zile. Ozzie akatega kinasa sauti kingine kando. Magurudumu yakazunguka yakilia. Sauti ikaja, nyembamba, ikizama, ikiibuka. Kabla shairi halijafika katikati, Teddy alijikatiza mwenyewe.

"Verna, mtoto amelala?"

Pa! Kanda ikakatika, ikapukutika kama maganda makavu ya kitunguu.

Corinne akainama juu ya mashine.

"Niko macho, baba."

Shairi limepotea, wapendwa. Swali lile limenaswa, na Corinne amekwenda nalo nyumbani.

Pole sana, Corinne. Pole, mzee Ozzie. Poleni nyote mliokunywa supu ya Verna. Nawe unayenisikiliza, kama sauti ya mtu wako imo sandukuni ikingoja siku njema, inuka sasa hivi, ukalifungue. Linuse.