Mimba Iliyokaa Mgongoni

Tumsifu Yesu Kristo! Nasikia sauti za wanaume tu. Akina mama, Padri ameniruhusu niseme baada ya misa kwa ajili yenu, itikieni! Tumsifu Yesu Kristo!

Mimi ni Apolonia, mke wa Dismas, wa hapa hapa Michenga. Nimezaa watoto wanne na wote nimewazika. Kila nilipotoka makaburini nilimwambia Mungu, nipe mmoja tu, anizike mimi. Ukoo wa mume wangu nao ulishasema: asipopata mtoto wa kubaki, arudi kwao.

Kisha siku zangu za mwezi zikakatika. Ndugu zangu, furaha niliyoipata! Tumbo halikukua, lakini mganga mmoja akatuambia mimba imekimbilia mgongoni, imejificha huko isife kama wenzake, na ipo dawa ya kuirudisha mbele. Nani asingeamini? Moto ulinipanda kifuani hadi usoni, jasho likanitiririka, moyo ukanidunda. Tukasema, mtoto huyo anageuka! Dismas akanikataza kubeba maji. Mama mkwe akanichagulia kanga ya mbeleko, akaiweka sandukuni.

Dawa ilikuwa mizizi, chungu kuliko nyongo. Nikinywa natapika, naharisha, mikono inatetemeka. Mavuno yakapita, mengine yakaja, bado nakunywa. Rafiki yangu Valeria, mgumba, naye siku zake zilikuwa zimekatika, tukawa tunakunywa chungu kimoja. Wakati wa palizi macho yake yakawa manjano, akaanguka kwenye mpunga wake, akafa. Mlikuwapo mazishini. Watu wakasema mtoto wa mgongoni amemuua. Nami nikarudi nyumbani nikazidisha dawa, ili wangu atoke upesi asije akaniua!

Ndipo akaja Bibi Sabina, mkunga wa kutoka Ifakara. Alikuwa akichunguza mambo ya uzazi, anazunguka vijijini tangu Kiberege hadi huku, anawauliza wanawake yasiyoulizwa: umezaaje, nani alikuzalisha, siku zako zilikoma lini, ulijisikiaje zilipokoma. Tulimcheka sana. Mtu mzima na akili zake anatembea juani kuuliza vikongwe habari za hedhi!

Alinikuta juu ya dungu nalinda mpunga, nimekonda, sina nguvu hata ya kuwapigia kelele ndege. Akanishusha, akanipima tumbo na mgongo kwa mikono yake, taratibu. Akasema, "Mama, humu hamna mtoto. Umri wa kuzaa umekwisha. Na hiyo dawa itakuua."

Nilimtukana matusi ambayo siwezi kuyarudia karibu na altare. Kwangu alikuwa hanikatazi dawa, alikuwa ananinyang'anya mwanangu!

Kesho yake akaja uani kwetu na wazee wa kike aliokwisha kuwauliza, mama mkwe akiwamo. Akawaomba waseme mbele yangu waliyomwambia faraghani. Wakatazamana. Mnajua kwetu mambo hayo hayasemwi, kila mmoja hujibebea peke yake.

Mama mkwe akaanza kulia. "Mwanangu, moto huo hata mimi uliniunguza, na sikuwa na mimba. Nilijua. Nilinyamaza kwa sababu nilimtaka mjukuu."

Wenzake wakafuata: hata mimi, hata mimi.

Ndugu zangu, maneno hayo yaliniuma kuliko uchungu wa kuzaa! Mama mkwe akachukua chungu cha dawa, akakivunja jiweni. Nami nikafunga nguo zangu kwenye kitambaa, nikamngoja Dismas arudi aniambie niondoke.

Alirudi na samaki mkononi. Nikamwambia yote. Akakaa chini pale pale mlangoni. Akasema, "Wale wanne tuliwalilia pamoja. Na huyu tutamlilia pamoja."

Tukakaa matanga. Matanga bila maiti, ndugu zangu! Majirani wakaja na unga, wakatupa pole, hata mmoja hakucheka. Mbeleko ile iko sandukuni hadi leo.

Sikuja hapa kuwadanganya kwamba Mungu alinipa nilichomwomba. Sina mtoto, na sitapata. Alinipa pumzi, akanipa mume asiyenifukuza, akanitumia mwanamke wa kuuliza maswali. Namshukuru Mungu wangu, namshukuru! Lakini Valeria hakutumiwa mtu, na waliojua walikuwa wamemzunguka, wamefumba midomo. Wazee wangu, waambieni binti zenu. Mtumainini Mungu, na mseme.

Na wewe uliyeketi humu ukiwa na chungu nyumbani, nimekuona ulivyoinamisha uso. Tukitoka hapa usikimbie. Njoo unishike mkono, twende kwako tukakivunje pamoja.