Verna Hakala na Mashine Mbili za Anwani Moja

Verna Hakala anastaafu Ijumaa, tarehe 28 Februari, baada ya kukihudumia kituo chetu cha simu za dharura kwa miaka thelathini na mmoja. Alianza kama mpokea simu, akahamia chumba cha mitambo, na humo hakutoka tena.

Chumbani mle kuna mashine mbili za kupitisha amri kwa magari ya wagonjwa, zinazotumia anwani moja kwenye mtandao. Moja hufanya kazi. Nyingine husubiri, ikisikiliza salamu za mwenzake, ishara fupi za kila mara kwamba yu hai. Salamu zikikatika, inayosubiri huichukua anwani na kuendelea na kazi. Kila Jumanne ya kwanza ya mwezi, mchana kweupe, Verna aliuchomoa waya wa umeme wa ile inayofanya kazi, aone kama nyingine itaamka.

Duane Prpich, mpokea simu, alikuwa na utani wake. "Haya bibi, leo unamuua nani?"

"Yule wa kushoto. Wewe kunywa kahawa yako."

Tulicheka kila mwezi. Halafu ikaja Januari ile ya theluji nyingi, na utani huo haukusikika tena.

Siku moja, swichi mpya ya mtandao iliyofungwa asubuhi hiyo kati ya mashine ilikuwa ikizimeza salamu. Mashine ya pili ikadhani mwenzake amekufa, ikajitwalia anwani. Ya kwanza, ambayo ilikuwa hai, haikuiachia. Zote zikawaka taa za kijani. Alasiri, Walfrid Tuominen, mchimba chuma mstaafu, alianguka akizoa theluji mlangoni kwake. Mkewe, Irja, akapiga simu. Duane akatuma gari la wagonjwa. Skrini yake ikamjibu kuwa amri imepokelewa. Ilipokelewa na mashine moja. Skrini ya wahudumu wa gari ilikuwa ikisoma nyingine, na haikuonyesha chochote. Irja alipopiga tena, Duane alimwambia, "Wako njiani, mama."

Hawakuwa wameondoka. Walfrid alifia pale kwenye theluji.

Verna ndiye aliyegundua chanzo. Majaribio yake yote yalikuwa ya kuua, na mashine iliyokufa haigombei anwani. Hakuwahi kuziacha zote hai zikiwa hazisikilizani.

Wakubwa walitaka kuandika "hitilafu ya muda." Verna alikataa, kisha akaenda kwa Irja na bakuli la nyama na viazi vya kuoka. Alitusimulia mara moja tu. Irja alisimama mlangoni bila kulipokea.

"Mlijua?"

"Mashine zote mbili zilisema ziko sawa. Na mimi nikaziamini."

"Basi usiziamini tena," Irja alisema, ndipo akalichukua bakuli.

Tangu hapo, kila Jumanne ya majaribio hukatwa salamu tu, si umeme, mpaka mashine moja ikubali kuiachia anwani. Na mhudumu wa gari lazima ajibu kwa redio, kwa sauti yake mwenyewe: "Tumeona, tunaondoka." Skrini haitoshi.

Funguo za chumba anamwachia Marit Lundeen, atakayeshika nafasi yake, aliyemwomba ruhusa ya kumpigia nyumbani akikwama.

"Nipigie tunywe kahawa," Verna alimjibu. "Ya kazi, hapana. Wewe utakuwa unaamua, na mimi naamua. Wakuu wawili wa anwani moja tulishawaona."

Asante, Verna, kwa kuubeba mzigo ule bila kumtupia mtu mwingine. Jumanne tarehe 4 Machi tutazikata salamu bila wewe. Ukae vyema kwako kando ya ziwa, ulale usingizi mzito. Hatutakupigia.