Auleria wa Mugoma, Aliyeuliza Mnara Utakuja Lini

Wasikilizaji wapendwa, mlio shambani, mlio jikoni, na nyinyi mlio safarini kuelekea Biharamulo, vuteni redio karibu. Leo tunamkumbuka mama mmoja. Jina lake Auleria Kanyange. Auleria Kanyange wa Mugoma, wilaya ya Ngara. Alifariki dunia wiki iliyopita, akiwa na miaka sabini na mmoja.

Lakini familia yake imetuomba jambo moja: tusiwalize. "Mkimzungumzia mama bila kucheka, mtakuwa mnamzungumzia mtu mwingine," alituambia binti yake, Scholastika.

Auleria alizaliwa Mugoma, akaolewa Mugoma, na mume wake wa kwanza akafia hapohapo Mugoma, watoto wakiwa bado wadogo. Aliwalea kwa migomba na kahawa. Alikuwa na sauti kubwa, kubwa kwelikweli. Kwenye kwaya ya kigango walimweka mstari wa nyuma kabisa, na bado yeye ndiye aliyesikika.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, wa Mugoma mnajua shida yenu ya zamani. Mnara wa kampuni yetu ya simu ulikuwa mbali, nyuma ya vilima. Mnara wa Burundi ulikuwa karibu. Simu haijui mpaka, yenyewe inashika mnara wenye nguvu. Unaamka asubuhi, unakuta ujumbe: karibu Burundi. Na ukipigiwa simu ukiwa kwenye mtandao wa ng'ambo, hata wewe unayepokea unakatwa salio.

"Leo tena nimelala ugenini," Auleria alikuwa akimwambia dada yake, Deodata, wakichuma kahawa. "Na kitanda changu hakijasogea!"

Alicheka. Lakini siku moja jambo hilo lilimgusa moyoni.

Ilikuwa hivi. Auleria alikwenda kwenye harusi kule Nyantakara, wilaya ya Biharamulo. Huko akakutana na mkulima mmoja aliyefiwa na mkewe, Anastazi Manirakiza, ambaye wazazi wake walitoka Burundi. Anastazi akamsalimia kwa Kirundi, Auleria akajibu kwa Kihangaza, lugha ya Ngara. Lugha hizo zinasikilizana, basi wakaongea mpaka chakula kikapoa. Kisha wakacheza. "Alikuwa hajui kucheza hata kidogo," Deodata anakumbuka. "Dada yangu akarudi nyumbani anamsifia kwamba anacheza vizuri. Nikajua hapa kuna kitu."

Wakawa wanapigiana simu. Jioni moja Anastazi akapiga, sauti yake ikiwa nzito. Akasema, "Auleria, nimefikiri sana. Nataka tu..." Simu ikakatika. Ilikuwa imeshika mnara wa ng'ambo, na salio la Auleria likawa limekwisha.

Kule Nyantakara, Anastazi alibaki ameshika simu sikioni. Mwenyewe ametusimulia. "Nilidhani amenikatia makusudi. Nikasema, mama huyu ana heshima. Hakutaka kunitukana, amenikatia tu. Nikaona aibu kupiga tena."

Na Auleria je? Auleria alingoja. Alikuwa akitembea hadi kule barabarani, ambako mtandao wa nyumbani ulishika, akaiangalia simu, akarudi. Deodata akamwambia, "Si umpigie wewe?"

"Nimpigie niseme nini? Mwanamke anaanzaje kuuliza, ulikuwa unataka nini?"

Msimu wa kahawa ukapita. Auleria akaanza kuimba kwa sauti ya chini. Pale kigangoni watu wakageuka nyuma kumtazama, wakidhani mama anaumwa.

Ndipo ukaitishwa mkutano ofisi ya kata. Walikuja watu wa mamlaka inayogawa masafa ya mawasiliano, pamoja na mhandisi wa kampuni ya simu, kijana aitwaye Faustini. Wananchi wakaruhusiwa kuuliza. Auleria akasimama.

"Shikamoo mama," akasema Faustini.

"Marahaba mwanangu. Mimi sina hotuba. Kuna mwanaume alianza kuniambia jambo, simu ikakatika. Mpaka leo sijui alitaka kusema nini. Nauliza hivi: huo mnara wenu utakuja mimi nikiwa hai?"

Watu walicheka hadi mtendaji wa kata akashindwa kuwanyamazisha. Faustini naye alicheka. Halafu akamjibu kwa heshima, na majibu yale wana-Mugoma wanayakumbuka hadi leo.

"Mama, sauti yako inasafiri hewani kwa njia zake. Njia hizo zinaitwa masafa, na ni mali ya taifa. Kampuni haijichukulii tu. Inaomba, inashindana mnadani, na ikishinda inapewa leseni ya kipande chake. Sisi tuna masafa ya juu. Yanabeba mengi, lakini hayaendi mbali. Yakikuta kilima yanaishia hapo. Kwa huku tunahitaji masafa ya chini. Hayo yanakwenda mbali, yanapenya migomba, yanaingia mpaka chumbani."

"Basi nendeni mnadani! Mnangoja nini?"

Mama mmoja kutoka mamlaka akaongeza, "Ukiitishwa watakwenda. Ila hapa ni mpakani. Lazima kwanza tukae na wenzetu wa Burundi, tupatane nani atumie masafa yapi na kwa nguvu kiasi gani. Bila hivyo mawimbi yatagongana, tukose sote."

"Kaeni nao vizuri," akasema Auleria. "Huyo ninayemsema, asili yake ni hukohuko."

Basi wakacheka mpaka waliokuwa nje dirishani.

Mnada ulikuja kuitishwa. Kampuni ikapata kipande cha masafa ya chini. Katika masharti ya leseni kulikuwa na hili: ifikishe mawimbi kwenye kata za mpakani. Mafundi wa nchi mbili wakakutana, wakapatana. Vyuma vikaanza kupanda kilimani.

Wapo waliohofia kwamba mnara utakausha migomba. Auleria hakubishana nao. Alipanda mgomba wake jirani kabisa na uzio wa mnara, na baadaye ukazaa mkungu mkubwa. Akaupika, akawaalika walewale walioogopa.

Siku mnara ulipowashwa, alikuwa uani na Deodata. Jina la mtandao wa nyumbani likatokea kwenye simu, likakaa. Auleria akajifuta mikono kwenye kanga, akapiga Nyantakara.

"Anastazi, ni Auleria. Ulikuwa unasema nini?"

Deodata akasogeza sikio karibu. Kisha sauti ikaja, safi, kama mtu yuko hapo uani.

"Nilikuwa nasema nataka tuoane."

"Na mimi nataka. Ila siku nyingine anzia mwisho!"

Deodata akapiga vigelegele. Anastazi alivisikia hadi shambani kwake.

Walifunga ndoa palepale kigangoni. Anastazi ndiye aliyehamia Mugoma. Wapo walioguna, mwanaume kuhamia kwa mwanamke. Yeye akawajibu, "Nyantakara nina shamba. Mugoma nina mtu." Waliishi kwa furaha. Anastazi alijifunza kucheza, kidogo. Na Auleria akarudia sauti yake ya zamani, safari hii mstari wa mbele, kwa sababu mume wake alikataa akae nyuma.

Aliugua kwa muda mfupi. Alifariki nyumbani, Anastazi akiwa pembeni yake. Habari zikawafikia ndugu wa Ngara, wa Biharamulo na wa Burundi asubuhi ileile, na wote wakawahi mazishi.

Kwenye mazishi, katekista aliomba watu wazime simu. Anastazi akainuka. "Naomba leo ziachwe. Zikilia, zilie." Katekista akakubali. Katikati ya sala, simu ya mzee mmoja ikalia kwa mlio wa ngoma, kwa sauti kubwa ajabu. Mzee akahangaika nayo mfukoni. Watu wakaanza kucheka huku wakilia. Hata Anastazi alicheka.

Kwako mzee Anastazi, kwako Scholastika na wadogo zako, kwako bibi Deodata, na kwa wana-Mugoma wote: poleni sana. Mungu awatie nguvu, na ampumzishe mama yetu kwa amani.

Nasi wengine tujiulize jambo moja, wasikilizaji wapendwa. Mkutano ukiitishwa kwenu, wewe husimama au hunong'ona na jirani? Auleria alisimama na shida yake mwenyewe, mbele za watu, akachekwa, akacheka nao. Leo asubuhi mama mmoja wa Mugoma ametupigia simu akiwa jikoni kwake, akaomba tumchezee Auleria wimbo wa kwaya. Mama, tumekusikia vizuri kabisa. Wimbo wako huu hapa.