Wageni wa Mzinga wa Gidion

Sogea, kaa hapa kwenye benchi, shika kikombe, sikia yaliyomkuta Gidion wa Endasak. Jumamosi anapeleka posa kwa kina Kornelia, na kwao huendi kuposa bila asali. Asali anayo: mzinga wa nyuki wadogo, wale weusi wasiouma, umening'inia ukutani kwake. Leo asubuhi kundi lingine likatua mlangoni pa mzinga, weusi vilevile, wadogo vilevile. Gidion kwa furaha akautanua mlango kwa kisu, maana kwao mgeni hafukuzwi. Halafu huyo kijiweni, na chupa yenye nyuki wawili: mwenyeji mmoja, mgeni mmoja.

— Mapacha hao, alisema Baltazar, wanayemwita Daktari kwa sababu aliishia fomu tuu.

— Acha hizo, Daktari. Vuta kwa kamera, alisema Shabani wa bodaboda, ameshika simu. Ona mwenyeji, mguu wa nyuma mpana kama beleshi, una unga wa maua. Mgeni mguu mwembamba, mkavu. Hana pa kubebea.

— Ni dume. Kwani wewe nyumbani unabeba kuni?

— Kundi zima madume?

— Wasindikizaji hao. Wamesikia kuna posa.

— Mi naona wametoka Balangdalalu, alisema Shabani. Huko kumekauka, maua hakuna, beleshi zimekonda. Ng'ombe si anapungua nundu?

— Ndiyo maana wahenga wakasema, mwenda bure si mkaa bure, alisema Daktari. Watafundishwa kubeba na wenzao.

Gidion alicheka. Vibarua wa bure, wiki hiyohiyo ya posa. Hapo akapita Mama Judica, shangazi yake Kornelia, anatoka mashineni na unga wake.

— Shikamoo shangazi.

— Marahaba. Jumamosi ipo?

— Ipo, shangazi. Hata nyuki wameongezeka.

Wakamwonyesha simu. Akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu.

— Huyu hana pa kubebea unga.

— Hana, shangazi.

— Sasa kwao wanakula nini?

Daktari akaweka kikombe chini. Gidion akaikwapua chupa, akasimama. Asiye na beleshi hajaja kulima, kaja kula cha mwenzake.

— Na wewe ukawatanulia mlango, alisema Shabani polepole.

Yeye na Gidion wakapanda pikipiki bila kuaga. Chini ya mzinga, wenyeji wamelala wamekatwa mabawa, wengi kama ulezi uliomwagika. Wageni wanatoka matumbo yamejaa, wengine wanaingia. Ndani bado kuna kelele, wamechanganyika, wote weusi, na huwezi kumwambia kila mmoja anyanyue mguu umkague. Gidion ana udongo mkono huu, kisu mkono huu. Akiziba mlango, anawafungia wenyeji na wezi wao. Akiacha, asali inaruka mbele ya macho yake. Akiikata sasa hivi apate ya posa, anawamalizia yeye wale waliobaki.

Shangazi yuko njiani anakuja kuangalia. Ungekuwa wewe, ungeanza na mkono upi?