Bobini za Mama Bilha

Kijiwe chetu kiko Kitale, kwenye veranda ya duka la Baldev, mahali ambapo wasio na kazi tunajua kazi za watu wote. Ijumaa hiyo birika la kahawa lilikuwa katikati yetu, na cherehani ya Mama Bilha ilikuwa pale pale mbele, bila mwenyewe. Mwenyewe alikuwa mochari, azikwe kesho kwao Malakisi. Aliwashonea akina mama wote wa kanisa sare ya samawati, yake akaiacha ya mwisho, imekatwa tu. Phanice, jirani yake wa veranda aliyezoea kufuma sweta, alikuwa anahangaika kuimaliza ili rafiki yake azikwe nayo. Shida ilikuwa bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini. Za Mama Bilha zilibaki nyumbani kwa mumewe, Mzee Wekoye, kwenye mkoba wake. Phanice alinunua nyingine kwa kukadiria kwa macho, mashine ikazikataa zote.

— Uzi unajikusanya tu huku chini, Phanice akasema. Naomba mmoja wenu aende kwa Mzee Wekoye aniletee huo mkoba.

— Mkoba ya marehemu? akashtuka Spana, fundi wa pikipiki kutoka Bungoma, ambaye mila zote ni zake. Hiyo haifunguliwi mpaka watu wanyolewe nywele baada ya mazishi. Mzee hawezi kubali.

— Hata kwetu ni hivyo, nikasema, ingawa ya kwetu siyajui.

— Sasa nifanye aje, bana?

— Shida ni plastiki, akasema Mkurugenzi, ambaye hajawahi kuongoza hata mbuzi. Chuma inavuta uzi, plastiki inasukuma. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Hii ni ya chuma, Mkurugenzi.

— Basi ni chuma ya nchi ya joto. Hapa Kitale baridi imeikunja. Ungekuwa unashonea Malakisi, ingeingia yenyewe.

— Wacha uongo, Spana akasema. Hawa watu wa viwanda wanaitengeneza kubwa kidogo makusudi, ndio ununue mashine mpya. Hata kwa pikipiki ni hivyo. Lete niipige tupa. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kupunguza ndio kujaza?

— Wewe lete.

— Spana, kitambaa ni hiki tu. Dukani kimeisha. Kikiharibika sina kingine.

— Nimefungua injini ngapi mimi? Hii ni kitu ndogo.

Sote tulimhimiza, na mimi nilikuwa wa kwanza. Spana akaisugua ile bobini kwa tupa juu ya magoti yake, akaipuliza, akampa. Phanice akaangalia saa, akaiweka. Mashine ikashona vizuri kama inchi nne hivi, tukaanza kupongezana. Kisha ikakwama. Sindano ikakatika, na meno ya mashine yakatafuna kitambaa pale kifuani chini ya kola. Phanice alipojaribu kukinasua, kikatatuka hadi kiunoni.

— Ajali haina kinga, Mkurugenzi akasema.

— Nyamaza, Phanice akamwambia kwa upole, na upole huo uliniuma kuliko tusi.

Tulikuwa bado tumeinamisha vichwa gari la mazishi liliposimama kando ya barabara. Kipketer, dereva wake, akashuka.

— Sasa. Mzee Wekoye amenituma nguo ya mama. Mochari wananingoja, wamvalishe.

Phanice akamwonyesha. Akamweleza habari ya bobini, na ya mkoba ambao mila hairuhusu ufunguliwe. Kipketer akamsikiliza mpaka mwisho, akakishika kile kitambaa pale kilipotatuka, kisha akatugeukia.

— Huo mkoba nimeuona asubuhi, uko wazi kwa meza. Mzee alikuwa anatoa kitambulisho ya mama. Kwani mlimwomba akawanyima?

Spana akajifanya anafuta tupa. Mkurugenzi akainua kikombe kilichokuwa kitupu. Phanice alitutazama sisi watatu, mmoja baada ya mwingine, akingoja nani atajibu. Kutoka pale kijiweni hadi kwa Mzee Wekoye ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu.